Nani Aliyeikomboa Ufaransa? Historia ya Nyuso Zilizoondolewa Kwenye Filamu za Vita

Tarehe 17 Juni 1940, siku 3 baada ya majeshi ya Ujerumani kuingia Paris, maafisa wa Kijerumani walimchukua Jean Moulin, mkuu wa mkoa aliyekuwa na ofisi yake mjini Chartres, wakamwekea hati mbele yake. Hati hiyo ilidai kwamba askari weusi wa jeshi la Ufaransa wamewabaka na kuwaua wanawake na watoto wa eneo hilo. Moulin alijua kwamba raia wale waliuawa na mabomu. Akakataa kutia saini. Walimpiga kwa saa nyingi, na usiku, akihofia kwamba kesho yake angeshindwa kuvumilia, alijikata koo kwa kipande cha kioo. Aliwahiwa, akapona. Baadaye ndiye aliyeyaunganisha makundi ya mapambano ya chinichini nchini Ufaransa, hadi Wanazi walipomkamata na kumtesa mpaka akafa Julai 1943.

Mtu ambaye Wafaransa wanamhesabu kuwa shujaa mkuu wa mapambano hayo alianza, basi, kwa kukataa kuwasingizia Waafrika. Hata hivyo, kwa miongo mingi filamu zilizowatukuza wapiganaji wa chinichini hazikuwapa nafasi Waafrika hao, wala Waarabu, Waarmenia, Wahispania na Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliobeba silaha pamoja na Wafaransa. Wanawake nao waliwekwa pembeni. Nyuso hizo hazikusahaulika kwa bahati mbaya. Ziliondolewa kwa hatua zinazojulikana, na zilirudishwa na watu wanaojulikana.

1940–1943: Vita vya watu wengi

Ufaransa iliposhindwa, Marshal Philippe Pétain aliunda serikali mjini Vichy na kushirikiana na Hitler. Jenerali Charles de Gaulle alikimbilia London akiwa na wafuasi wachache na bila hata kipande cha ardhi. Ardhi aliipata Afrika. Tarehe 26 Agosti 1940 Félix Éboué, mtu mweusi mzaliwa wa Guyane aliyekuwa gavana wa Chad, alitangaza kwamba koloni lake liko upande wa de Gaulle. Siku chache baadaye Kameruni, Kongo ya Kifaransa na Oubangui-Chari zikafuata. Brazzaville ukawa mji mkuu wa Ufaransa Huru. Kutoka Chad, Kanali Leclerc aliongoza kikosi ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika, akaiteka ngome ya Koufra nchini Libya Machi 1941.

Afrika Mashariki nayo ilikuwamo katika vita hivyo. Madagascar ilikuwa chini ya utawala wa Vichy. Septemba 1942 brigedi ya askari wa Keya, vijana kutoka makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ilitua Majunga na kupigana kuelekea kusini hadi watawala wa Vichy waliposalimu amri mwezi Novemba. Kisha kisiwa kilikabidhiwa kwa watu wa de Gaulle. Sehemu hiyo ya milki ya Ufaransa ilitoka mikononi mwa Vichy kwa jasho la Waafrika wa upande huu wa bara.

Ndani ya Ufaransa yenyewe hali ilikuwa vivyo hivyo. Addi Bâ, kijana kutoka Guinea, alitekwa na Wajerumani mwaka 1940, akatoroka, akajificha katika vijiji vya milima ya Vosges na kusaidia kuanzisha kambi ya kwanza ya wapiganaji wa msituni katika eneo hilo. Wajerumani walimwita gaidi mweusi. Walimkamata Julai 1943, wakamtesa bila kupata majina ya wenzake, na tarehe 18 Desemba mwaka huo wakampiga risasi huko Épinal.

Paris nako, mashambulizi mengi ya kuthubutu yalifanywa na kikundi cha wahamiaji Wakomunisti kilichoongozwa na Missak Manouchian, yatima wa mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Wenzake walikuwa Wayahudi kutoka Poland, Hungary na Romania, pamoja na Waitalia na Wahispania. Manouchian na wenzake 21 walipigwa risasi huko Mont-Valérien Februari 1944. Olga Bancic, mwanamke pekee kati yao, alipelekwa Ujerumani na kukatwa kichwa mwezi Mei. Wanazi walibandika bango jekundu lenye picha za watu 10 wa kikundi hicho, wakitaja majina yao magumu kutamkika na asili zao, ili kuwaaminisha Wafaransa kwamba hilo ni jeshi la wageni wahalifu. Bango hilo la chuki likawa, bila Wanazi kukusudia, mojawapo ya kumbukumbu chache zilizoonyesha wazi jinsi wapiganaji wa chinichini walivyokuwa wa mataifa mbalimbali.

1944: Mchujo kabla ya kamera

Filamu hazikuwa za kwanza kuwaondoa watu hawa. Majenerali walitangulia. Mwanzoni mwa 1944, wakati mipango ya kuikomboa Paris ikijadiliwa, makamanda wa Marekani na Uingereza walitaka kikosi cha Kifaransa kitakachoingia mji huo kiwe cha weupe. Uongozi wa jeshi la Ufaransa ulikubali. Divisheni ya Leclerc ilikuwa tayari imewaacha nyuma askari weusi waliotoka naye Chad. Jioni ya tarehe 24 Agosti 1944 ilipoingia Paris, kampuni iliyotangulia ilikuwa imejaa Wahispania waliokimbia utawala wa Franco, na magari yao yalikuwa na majina ya vita vya Hispania kama Guadalajara na Teruel. Siku 2 baadaye de Gaulle alipoandamana kwenye barabara ya Champs-Élysées, picha zilimnasa karibu naye Georges Dukson, sajini kutoka Gabon aliyejeruhiwa mkono katika mapigano ya mitaani. Ndani ya miezi michache Dukson alikuwa amefariki, na jina lake likazama.

Kusini mwa nchi mchujo ulikuwa mkubwa zaidi. Jeshi lililotua Provence Agosti 1944 lilikuwa na askari wapatao 250,000, na karibu nusu yao walitoka makoloni. Waliikomboa Toulon na Marseille, wakapanda kuelekea mpaka wa Ujerumani. Majira ya baridi yalipokaribia, maelfu ya askari weusi waliondolewa mstari wa mbele na kubadilishwa kwa vijana weupe waliotoka msituni. Wengine walitakiwa kukabidhi makoti na silaha zao papo hapo. Sababu iliyotajwa ni baridi. Sababu ya kisiasa ilikuwa nzito zaidi: Ufaransa ilitaka ionekane imejikomboa kwa mikono ya Wafaransa wenyewe, na kwamba vijana wake walikuwa ndani ya sare siku ya ushindi.

Waliorudishwa nyumbani walirudi na madai. Huko Thiaroye, nje ya Dakar, askari waliokuwa mateka wa Wajerumani walidai malimbikizo ya mishahara yao. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 jeshi la Ufaransa liliwamiminia risasi. Serikali ilitaja vifo 35, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Kwa hiyo vita vilipokwisha, picha ya mkombozi wa Ufaransa ilikuwa imekwisha kusafishwa. Sinema iliipokea ikiwa tayari.

1945–1957: Taifa lililojitengenezea kioo

Filamu iliyoweka msingi ilikuwa *La Bataille du rail* ya René Clément, iliyopata tuzo katika tamasha la kwanza la Cannes mwaka 1946. Ilisimulia hujuma za wafanyakazi wa reli dhidi ya Wajerumani, na wafanyakazi halisi wa reli waliigiza ndani yake. Ni filamu yenye nguvu, na ushujaa inaoonyesha ulikuwapo kweli. Lakini treni hizohizo ndizo zilizowabeba Wayahudi wapatao 76,000 kutoka Ufaransa kwenda kwenye kambi za mauti, na hilo filamu haikuligusa.

Taifa lilikuwa na haja na kioo cha namna hiyo. Wafaransa walikuwa wamegawanyika hadi ndani ya familia: waliopigana, walioshirikiana na adui, na wengi waliosubiri tu. De Gaulle alitaka kuwaunganisha. Wakomunisti nao walitaka sifa zao kama chama cha mashujaa. Kulikuwa pia na sababu iliyosemwa kwa sauti ya chini: tarehe 8 Mei 1945, siku Ulaya ilipokuwa ikisherehekea ushindi, Waalgeria waliodai uhuru waliuawa huko Sétif. Mwaka 1947 Madagascar iliwaka moto wa uasi. Kukiri kwamba watu wa makoloni waliikomboa Ufaransa kungezaa swali ambalo Paris haikutaka kulijibu: kwa nini basi wao wenyewe hawako huru?

Mkono wa udhibiti ulifika hata kwenye picha moja moja. Alain Resnais alipotengeneza *Nuit et brouillard* kuhusu kambi za Wanazi, mwaka 1956, wakaguzi walimlazimisha kuificha kofia ya askari wa Kifaransa aliyekuwa akilinda kambi ya Pithiviers. Kofia hiyo ilithibitisha kwamba wapo Wafaransa waliowalinda mateka kwa niaba ya Hitler.

Italia ilianza kwa ujasiri zaidi. Katika *Roma città aperta* ya mwaka 1945, Roberto Rossellini alimpa Anna Magnani nafasi ya Pina, mwanamke wa mtaani anayeuawa akilikimbilia lori lililombeba mchumba wake. Mhusika huyo alitokana na Teresa Gullace, mama aliyeuawa na Wajerumani mjini Roma Machi 1944. Mwaka uliofuata, katika *Paisà*, Rossellini alimleta askari mweusi wa Marekani ndani ya vifusi vya Naples. Askari anamkamata mtoto aliyemwibia viatu, anamfuata hadi pangoni anakoishi na wenzake, na anapoutambua ufukara unaofanana na wa kwao, anaviacha viatu na kuondoka. Ni dakika chache tu, lakini mtu mweusi amepewa historia, hasira na huruma yake.

Lakini Italia pia ilimwonyesha askari wa makoloni kwa sura nyingine. Filamu ya Vittorio De Sica, *La ciociara* ya mwaka 1960, iliyompatia Sophia Loren tuzo ya Oscar, inawaonyesha Wamorocco wa jeshi la Ufaransa wakimbaka mama na binti yake kanisani. Uhalifu huo ulitendeka kweli kwa wanawake wengi katika mwaka 1944, na wanawake hao walistahili kusikilizwa. Tatizo ni kwamba kwa muda mrefu hiyo ilibaki karibu kuwa sura pekee ya askari wa Afrika Kaskazini katika filamu za Ulaya zilizojulikana. Aliyepanda milima chini ya mizinga kuvunja mstari wa Wajerumani hakuonekana.

1958–1970: Kivuli cha Jenerali

De Gaulle aliporudi madarakani mwaka 1958, mapambano ya chinichini yalifanywa kuwa kama dini ya dola. Desemba 1964 mabaki yanayoaminika kuwa ya Jean Moulin yalihamishiwa Panthéon. Mwaka 1966 Clément alitoa *Paris brûle-t-il?*, filamu iliyojaa nyota wa Ufaransa na Hollywood. Mwaka 1969 Jean-Pierre Melville, Myahudi aliyekuwa mwenyewe mpiganaji wa chinichini, alitoa *L'Armée des ombres*, ambayo leo wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko zote za aina yake. Ndani yake Simone Signoret anamwigiza Mathilde, mwanamke mwenye akili kuliko wanaume wengi wanaomzunguka, anayeuawa na wenzake kwa sababu Wajerumani wamempata kupitia binti yake.

Mathilde alikuwa mmoja kati ya wachache. Katika nishani kuu ya Ukombozi iliyoanzishwa na de Gaulle, kati ya watu 1,038 waliotunukiwa, wanawake walikuwa 6 tu. Wanawake walikuwa wamebeba barua, silaha na redio, wamewaficha watu waliowindwa na wamekufa kambini, lakini nishani ziliwaendea zaidi waliokuwa na vyeo na sare. Filamu zilifuata nishani.

Katika miaka hiyohiyo mtu mmoja aliligeuza swali lote. Gillo Pontecorvo, Mwitalia Myahudi aliyepigana na mafashisti kaskazini mwa Italia, alikwenda Algeria na kutengeneza *La battaglia di Algeri*, iliyoshinda Simba wa Dhahabu huko Venice mwaka 1966. Kila kitu kilichokuwa katika filamu za mapambano ya Ulaya kilikuwamo: seli za siri, mateso, wanawake wanaopita vizuizi na mabomu kwenye vikapu. Safari hii wapiganaji walikuwa Waalgeria na watesaji walikuwa Wafaransa, wengine wao wakiwa maafisa waliowahi kupigana na Wanazi. Ufaransa iliizuia kwa miaka kadhaa.

1971–1988: Kioo chapasuka, Sembène ashika kamera

Mwaka 1971 *Le Chagrin et la Pitié* ya Marcel Ophuls ilionyeshwa katika jumba la sinema mjini Paris. Ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya televisheni, lakini televisheni ya taifa ilikataa kuirusha, na haikuonekana huko hadi 1981. Kwa zaidi ya saa 4 wakazi wa Clermont-Ferrand walieleza nani alipigana, nani alinyamaza na nani alifaidika. Baada yake haikuwezekana tena kudai kwamba Wafaransa wote walikuwa mashujaa.

Kioo kilipopasuka, waliofichwa nyuma yake walianza kuonekana. Mwaka 1976 Frank Cassenti alitoa *L'Affiche rouge* kuhusu kikundi cha Manouchian. Mwaka 1985 filamu ya kumbukumbu ya Mosco Boucault kuhusu wapiganaji wahamiaji waliosalia ilizusha mzozo mkali kabla ya kurushwa, kwa sababu iligusa swali la nani aliwaacha wakamatwe.

Hatua kubwa kuliko zote ilitoka Senegal. Ousmane Sembène alivaa sare ya Ufaransa katika vita hivyo, kisha akawa kuli wa bandari ya Marseille, mwandishi, na mwongozaji wa filamu. Katika *Emitaï* ya mwaka 1971 wanawake wa Kidiola wanauficha mpunga ambao wakoloni wanautaka kwa ajili ya vita. Katikati ya hadithi picha ya Pétain inabanduliwa na ya de Gaulle inabandikwa, na kwa wanakijiji hakuna kinachobadilika: askari ni walewale na mpunga unadaiwa vilevile. Watazamaji wa Ulaya walizoea kuuona mwaka 1944 kama mwisho wa giza. Sembène aliwaonyesha mahali ambapo giza halikutikisika.

Mwaka 1988 yeye na Thierno Faty Sow walitoa *Camp de Thiaroye*, kuhusu mauaji ya tarehe 1 Desemba 1944. Waliitengeneza kwa ushirikiano wa Senegal, Algeria na Tunisia, bila fedha za Ufaransa. Ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Venice, lakini ilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Ufaransa. Mmoja wa wahusika wake ni askari aliyepoteza sauti baada ya kufungwa kambi ya Buchenwald. Anapoona waya wa seng'enge na minara ya walinzi huko Thiaroye, anatambua kambi, na wakati wenzake wanaamini wamefika nyumbani, yeye peke yake anajua wako wapi.

2006: Filamu iliyoongeza pensheni

Mwaka 1959 Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria ya kuzuia pensheni za askari wake wa zamani wa makoloni zisipande. Thamani yake ikazidi kushuka mwaka baada ya mwaka. Wazee waliopigana vita vilevile, wakapata majeraha yaleyale, walilipwa sehemu ndogo tu ya malipo ya wenzao Wafaransa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini rafiki huyu aliwekewa mlango wa nyuma.

Rachid Bouchareb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, alitengeneza *Indigènes*, kisa cha askari wa Afrika Kaskazini wanaopigana kutoka Italia hadi kijiji cha Alsace. Mei 2006 waigizaji wake wakuu, Jamel Debbouze, Samy Naceri, Roschdy Zem, Sami Bouajila na Bernard Blancan, walipewa kwa pamoja tuzo ya mwigizaji bora wa kiume huko Cannes. Wanne kati yao walikuwa watoto wa familia za Kimaghribi. Septemba, filamu ilipokuwa ikiingia kwenye majumba ya sinema, Rais Jacques Chirac alitangaza kwamba pensheni za wazee hao wapatao 80,000 zitapandishwa. Zaidi ya Wafaransa milioni 3 waliitazama.

Ushindi huo ulikuja ukiwa umechelewa zaidi ya miaka 45, na malimbikizo ya miaka iliyopita hayakulipwa. Filamu yenyewe nayo ilikosolewa kwa haki: Waafrika weusi, waliokuwa katika jeshi hilohilo, karibu hawamo. Mtu anaweza kumrudisha ndugu yake kwenye picha na bado akamwacha jirani nje.

2009–2024: Waliosalia waingia

Baada ya *Indigènes* milango ilifunguka mmoja mmoja. Mwaka 2009 Robert Guédiguian, ambaye baba yake alikuwa Mwarmenia, alisimulia upya habari za Manouchian katika *L'Armée du crime*. Mwaka 2011 Ismaël Ferroukhi, mzaliwa wa Morocco, alitoa *Les Hommes libres* kuhusu Msikiti Mkuu wa Paris na Wayahudi waliofichwa humo. Wanahistoria bado wanabishana kuhusu idadi yao, lakini filamu iliwaweka Waislamu ndani ya hadithi ambayo walikuwa wamenyimwa. Mwaka 2017 zamu ya Addi Bâ ilifika katika *Nos patriotes* ya Gabriel Le Bomin, akiigizwa na Marc Zinga, mzaliwa wa Kongo. Ufaransa ilikuwa imempa Bâ nishani ya mapambano ya chinichini mwaka 2003, miaka 60 baada ya kuuawa.

Mwanzoni mwa 2023, wakati Omar Sy alipokuwa kwenye skrini na *Tirailleurs*, filamu kuhusu Wasenegali wa Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali iliwaruhusu askari wa zamani wachache waliobaki kuishi Senegal moja kwa moja bila kupoteza posho zao. Kabla ya hapo walilazimika kukaa Ufaransa nusu ya kila mwaka, mbali na wajukuu. Tarehe 21 Februari 2024 Missak Manouchian na mkewe Mélinée waliingizwa Panthéon. Novemba mwaka huohuo Rais Emmanuel Macron aliandika kwamba yaliyotokea Thiaroye yalikuwa mauaji ya halaiki.

Hukumu ya historia hii

Ukizipanga tarehe hizi pamoja, jambo moja linajitokeza. Karibu kila kundi lililorudi kwenye skrini lilirudishwa na watoto wake: Sembène aliyekuwa askari, Bouchareb wa Algeria, Guédiguian wa Armenia, Ferroukhi wa Morocco. Haki za askari wazee wa makoloni zilijulikana kwa wanasheria na wanahistoria muda mrefu kabla ya 2006, lakini serikali ilisogea pale wapiga kura walipoanza kuwaona wazee hao kwenye skrini. Uwakilishi katika filamu una uzito wa mshahara, pensheni na kaburi lenye jina.

Wenye kamera wa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bukavu wana kazi inayofanana na hiyo. Babu zetu wa Keya walipigana Madagascar na Burma. Askari wa Kongo walipigana Ethiopia mwaka 1941. Barua, nishani na picha zao ziko ndani ya masanduku ya familia, na wanaoweza kuzieleza wanazidi kupungua. Tuzikusanye na kuzirekodi sasa, tukiwahoji na bibi waliobaki nyumbani wakilima na kulisha vita hivyo, kwa maana Ufaransa imetuonyesha kwamba asiyepigania picha yake huandikiwa historia na wengine.